Mpishi Aliyekatazwa Kuonja

Waliosema kuuliza si ujinga hawakuwahi kuajiri mpishi kama Bertila. Mimi nimemwajiri. Nina mgahawa hapa Makambako, karibu na maegesho ya malori, na kwa muda mrefu kazi yangu kubwa haikuwa kuuza chakula. Kazi yangu ilikuwa kujibu swali moja. "Mama Mansoor, umeniona nikitia kitu kwenye sufuria?" Sijakuona. "Una hakika?" Nina hakika. "Lakini uligeuka ukapokea simu." Niligeuka, Bertila, na hukutia kitu. Kabla sijameza mate, anauliza tena.

Kitu chenyewe ni sumu, nisikufiche. Mwanamke ambaye hata kuku wa kuchinja humwonea huruma alikuwa akiogopa kwamba mkono wake unaweza kutia sumu kwenye chakula cha watu bila yeye kujijua.

Mimi ni mtu wa Pangani. Mume wangu Miraji, anayebeba mbao na viazi kwa malori, ndiye aliyenileta kwenye baridi hii ya kulala na soksi. Watu wa huku ni wapole, wanaongea taratibu, hawapayuki. Mimi napayuka. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari.

Bertila kwao ni Makete, kwa wakulima wa viazi. Alimaliza darasa la saba, akafanya kazi za ndani Njombe mjini, akakaa na fundi ujenzi mmoja aitwaye Wiliam, mtu wa Manda kule ziwani, akamzalia binti. Wiliam akarudi kwao akaoa mwingine. Bertila hakugombana na mtu. Alipokuja kwangu kuomba kazi alikuwa na mfuko mmoja na sweta la kufumwa kwa mkono. Nikamwambia apike maharage nione. Nimelelewa kwa maharage ya nazi, lakini yale ya Bertila, yasiyo na nazi hata tone, yalinifanya nikae kimya. Na mimi kukaa kimya si jambo dogo.

Kitu kimoja kilinishangaza siku ile. Kabla hajanipa sahani alichukua kijiko safi, akachota pembeni, akala, akatulia kidogo, ndipo akanisogezea. Kwetu Pangani ukichota kwenye sahani ya mgeni mbele ya macho yake, wewe ni mlafi na mama yako hakukufunza. Nikamuuliza, wewe vipi? Akasema kwao anayekupa kitu huanza yeye. Iwe togwa, kinywaji chao kisicholevya, iwe ulanzi, pombe ya mianzi, mwenyeji anakunywa kwanza mbele yako ili ujue kikombe hakina ubaya. Asiyeonja ndiye wa kuogopwa. Nikasema haya, kila watu na mila zao, maadam kijiko ni safi.

Wateja waliipenda desturi hiyo. Wa Makete na Njombe waliijua, na wale wa mbali waliona ni heshima. Hassani, dereva wa lori anayepita hapa akienda Tunduma, alikuwa akijigamba kwamba hali tena mahali asipoonjewa. Kwa hiyo ugonjwa ulijificha ndani ya adabu kama panya ndani ya gunia la mahindi, na sisi tukawa tunausifia.

Ulipoanza kutoka humo, ulitoka mzima mzima. Bertila akawa anaonja, anasogeza sahani, anaivuta tena na kuonja upya, maana huenda mkono umetia kitu baada ya kuonja. Nikatupa dawa ya panya. Nikaondoa sabuni ya unga, tukawa tunaoshea ya mche. Nikabadilisha hata chumvi, kwa sababu alisema ile ya zamani inafanana na dawa ya ukungu wanayopulizia viazi kwao. Haikusaidia lolote. Siku moja narudi kutoka sokoni nakuta sufuria zima la wali limemwagwa nyuma, kuku wa jirani wanafanya sherehe, na watu wamejaa mezani wakinitazama mimi.

"Nilikuwa na wasiwasi, Mama Mansoor," akasema.

Kwani mimi nilikuwa na nini? Nikamshika mkono nikamwonyesha wale kuku. Unawaona? Kuna hata mmoja aliyekufa? Akawatazama mpaka jioni badala ya kupika. Halafu akaniambia huenda sumu yenyewe ni ya polepole.

Akaanza kuomba namba za simu za wateja. Mwanzoni nilidhani anatafuta mchumba, nikasema bora, labda akili itapata kazi nyingine. Kumbe alikuwa anawapigia njiani kuwauliza matumbo yao. Hassani alikuwa akinipigia mimi kutoka Igawa: "Mama Mansoor, mwambie mpishi wako niko hai." Wengine hawakuwa na subira ya Hassani. Mke wa dereva mmoja alikuja kutoka Mafinga, kanga kaifunga kibwebwe, akanisimamia mlangoni na simu ya mumewe mkononi. Akanisomea ujumbe mbele ya wateja: Umelalaje? Tumbo linaendeleaje? Nijibu tafadhali, sina amani. Hebu niambie, ungekuwa wewe ndiye mke ungeelewa nini? Nilimwapia yule mama mpaka midomo ikakauka. Aliondoka haamini.

Siku hiyo nilimaliza uvumilivu wote niliozaliwa nao, ambao haukuwa mwingi. Kanisani kwao walikuwa wameshamwombea. Alitulia mpaka alipoingia jikoni. Miraji alileta maji yaliyosomewa dua. Bertila alikataa hata kuyashika, asije akayatia sumu. Nikamwambia kavu kavu: chagua, hospitali au kwenu Makete. Nikamwambia nimechoka kuwa shahidi wa mikono yako, nina mikono yangu.

Nilidhani atalia. Akakaa juu ya kigoda akasema, "Makete siwezi kwenda, Mama Mansoor. Anneth yuko kule."

Anneth ni yule binti yake. Nilijua analelewa na bibi yake, kama watoto wengi ambao mama zao wanahangaika mjini, sikuuliza zaidi. Sasa akanieleza. Bibi miguu imemwisha, hawezi tena mtoto. Januari Anneth anaanza darasa la kwanza. Ama Bertila amchukue waishi wote hapa Makambako, ama shangazi yake Scholastica, dada wa Wiliam, amchukue moja kwa moja Manda. Na Manda si mahali pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

"Sasa tatizo nini? Mchukue mtoto wako," nikamwambia.

"Nitampa nini ale?"

Sikumwelewa. Mwanamke anayelisha nusu ya malori ya barabara hii ananiuliza atampa nini mtoto wake ale. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda Njombe, na avae sweta zito.

Hospitali niliyoelekezwa ilikuwa mjini Njombe, na nilikuwa nimejiandaa kukutana na mzee mwenye miwani na sindano. Tukapokewa na kijana mwenye sweta la kijani, jina lake Nikodemo, mshauri wa afya ya akili. "Shikamoo, mama," akaniambia. Nikaitikia marahaba, na moyoni nikasema huyu hata ndevu hazijamkolea. Bertila alikuwa amejifunika mtandio uso mzima asije akaonekana anaingia kwa watu wa akili, kana kwamba Njombe nzima ilikuwa imetoka kumtazama yeye.

Nikodemo akamuuliza shida inaanzaje. Bertila akatazama sakafu. Mimi nikaanza kujibu, maana habari yote ninayo.

"Mama, samahani, tumwache mwenyewe," kijana akasema.

Nikamnong'oneza Bertila kwamba mficha uchi hazai, kisha nikafunga mdomo. Ulikuwa mwanzo tu wa kufungishwa mdomo, sikujua.

Bertila akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kumwomba mtu radhi. Anneth alipoanza kula uji, wakiwa kwao Makete, siku moja anaukoroga, wazo likamjia: je, ukimtilia ile dawa ya viazi? Dawa ilikuwa nje, kwenye ghala, yeye yuko jikoni. Hakutaka kabisa. Lakini kwa nini wazo limemjia? Mama mwema anajiwaje na wazo la hivyo? Akamwaga uji. Akapika mwingine, akaumwaga nao. Mtoto akalia njaa mpaka majirani wakaja kugonga mlango. Mwisho akamkabidhi mtoto kwa bibi yake, akaondoka.

"Tangu hapo sijampa mwanangu kitu kwa mkono wangu," akasema. "Wageni naweza, nikishaonja. Yeye hata nikionja siwezi. Nikienda kumwona nampelekea biskuti za pakiti, anafungua mwenyewe."

Nilikuwa nimeishi na huyu mtu jikoni miaka, nikimgombeza asubuhi na jioni, na hili sikulijua. Nikatafuta kitambaa kwenye pochi, nikajifanya nina mafua.

Nikodemo hakushtuka wala hakuandika haraka haraka kama watu wa polisi. Akasema mawazo mabaya humjia kila mtu. Akanigeukia, "Mama Mansoor, hujawahi kusimama mahali pa juu ukawaza, je, nikijirusha?"

"Nimewahi kuwaza kumrusha mume wangu," nikamjibu.

Bertila akacheka. Nikodemo naye akacheka, akasema ndiyo, na hukumrusha, wazo likapita. Kwa Bertila wazo halipiti, linakwama. Yeye analipenda jema kiasi kwamba wazo baya linamtisha mno, basi anapambana kulifuta: anaonja, anamwaga, anapiga simu, anauliza. Akifanya hivyo anapata nafuu kidogo, kisha linarudi na nguvu zaidi. Ni ugonjwa, akasema, wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia, si uchawi, si dhambi, na wako wengi wenye nao. Daktari atampa na vidonge, lakini vidonge peke yake havitoshi.

Nikasema alhamdulillahi, tumepata mwenye akili. "Basi mwambie kwamba hajatia sumu, asikie kwa mtaalamu, tuwahi gari."

"Hilo ndilo nisiloweza kumwambia, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe umeshamwambia kila siku. Imesaidia?"

Hapo ndipo tulipoanza kugombana, mimi na mtoto wa watu. Akatoa masharti. Bertila aanze kuacha kuonja mbele ya wateja, kidogo kidogo, akianzia na vyakula visivyomtisha sana, na kila hofu ikija aiache ipande na kushuka yenyewe. Asimwage. Asipige simu. Na mimi, akiniuliza kama nimemwona akitia kitu, nisimjibu hapana.

"Nimjibu ndiyo?"

"Usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie sijui, kisha muendelee na kazi."

"Lakini najua."

"Najua unajua, mama. Ila yeye anahitaji kujifunza kukaa na kutojua. Sisi wote tunakula hivyo hivyo."

Nikamwambia, mwanangu, tumetoka Makambako na ukungu wote ule, nimefunga mgahawa, uje uniambie dawa ni mimi kunyamaza? Akasema ni yeye kutoonja na mimi kunyamaza, vyote viwili. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna. Bertila aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sijui.

Safari ya pili alituagiza tuje na chakula alichopika Bertila, ambacho hakuna aliyekionja. Akapika viazi vya kukaanga na nyama, akavifunga, akavishika mapajani kama mtu aliyebeba bomu. Nikodemo akafungua mbele yetu, akala. Bertila uso ulikuwa unatoka jasho, na Njombe haitoi mtu jasho. "Labda nimetia kitu," akasema. Kijana akatafuna, akameza, akasema, "Labda." Basi. Akaendelea kula. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi. Ningeweza kuapa kwa msahafu kwamba vile viazi vilikuwa safi, nilimwona tangu anamenya, na nimekaa pale kama gogo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Tulimtazama akimaliza nyama yote, na hakuna aliyekufa, na hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba hakuna aliyekufa.

Tukarudi kazini na masharti yetu. Kwenye chai alifaulu upesi. Kwenye wali alihangaika, akawa anashika kijiko, anakiweka, anakwenda kusimama mlangoni akitazama malori mpaka hofu ipungue, halafu anarudi. Mimi nikawa najifunza kusema sijui. Nilisema vibaya mwanzoni, kwa hasira, kama mtu anayefukuza mbwa. Bertila akaniambia kwa adabu, "Mama Mansoor, Nikodemo alisema useme kawaida." Mgonjwa ananifundisha mimi ukali wa sauti yangu.

Lakini tatizo ambalo Nikodemo na vyeti vyake hakulifikiria lilikuwa wateja. Miaka yote wamezoea kuonjewa. Siku Hassani alipowekewa sahani ya maharage bila kijiko kupita, akaitazama, akamtazama Bertila, akaitazama tena.

"Leo huonji?"

"Sionji, kaka Hassani."

"Kuna nini ndani?"

Nikaona rangi inamtoka Bertila. Hassani akasukuma sahani mbele, kwa upole, kama mtu anayemwogopa nyoka aliyelala. Meza ya jirani nao wakasukuma zao. Mtu wa Kitandililo, mteja wangu wa tangu tufungue, akasema kwa sauti mpishi asiyeonja chakula chake anajua alichokipika. Nikaangalia mgahawa wangu: watu wana njaa, chakula cha moto kiko mezani, na hakuna anayekula. Ugonjwa wa mtu mmoja tuliugawa kwa wote, kila mtu akapata kipande chake.

Sasa hapo nifanye nini? Nikiwaambia wateja chakula ni salama, Bertila anasikia, na nimemjibu swali lake kwa mlango wa nyuma. Nikinyamaza, biashara inakufa. Nikasimama katikati ya mgahawa. "Huyu hapa ni mpishi," nikasema, "si mama yenu. Anayetaka kuonjewa arudi kwa mama yake. Anayetaka kula ale, na asiyetaka aache kiti, kuna watu nje wanapigwa baridi." Sikusema chakula kina nini wala hakina nini. Nikodemo asingenikuta na kosa.

Hassani ndiye aliyevuta sahani kwanza. "Njaa haina ubishi," akasema, akala. Wengine wakafuata, isipokuwa yule wa Kitandililo aliyesusa mpaka wiki iliyofuata.

Usidhani kuanzia hapo ilikuwa mteremko. Mwezi wa kumi na moja alimwaga sufuria la nyama, nyama, si wali, nikakaa chini nikalia kwa hasira. Akaniambia anaacha kila kitu, atampigia Scholastica aje amchukue mtoto, kwa nini wamtese bure. Nikamwambia mpigie. Nikampa na simu. Akaishika, akaitazama muda mrefu, akanirudishia, akaenda kuosha lile sufuria na kubandika jingine. Kesho yake tulikwenda Njombe nje ya ratiba. Nikodemo akasema kuanguka ni sehemu ya kupona. Nikamwambia sehemu hiyo aje aipitie na nyama zake.

Januari ikafika, haikutusubiri tuwe tayari. Scholastica aliamua mwenyewe kwenda Makete kumchukua Anneth, na kwa heshima ya mama mtu akazunguka mpaka Makambako, ingawa njia ya Manda haipiti kwetu. Alikuwa mwanamke mstaarabu, sitamsingizia. Akaingia na mtoto na begi la mtoto, akasalimia vizuri, akakaa. Begi akaliweka kati ya miguu yake, akaacha mkono juu yake.

"Wifi," akamwambia Bertila, "sikuja kukunyang'anya. Nimekuja kuona kama unaweza. Bibi yake kaniambia mtoto hajawahi kula mkononi mwako. Mtoto hawezi kuishi kwa biskuti."

Bertila aliingia jikoni. Alikuwa amepika togwa tangu juzi yake, kwa ajili ya siku hii, na nilijua kwamba usiku na mchana alikuwa akilizunguka lile sufuria bila kulimwaga. Akatoka na kikombe. Togwa ilikuwa inacheza ukingoni. Anneth alikuwa amekaa mezani, miguu haifiki chini, sweta lake la kufumwa kama lile alilokuja nalo mama yake. Bertila akaweka kikombe mbele yake, akarudi nyuma akasimama.

Mtoto akakitazama kikombe, akamtazama mama yake. "Hujaonja," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Hili hatukulifikiria, si mimi, si Bertila, si Nikodemo na shule yake yote. Mtoto kalelewa na bibi wa Makete. Kafundishwa vizuri, kama mama yake alivyofundishwa: usipokee kikombe ambacho mwenye kukupa hajaanza.

"Bibi amesema anayekupa anaanza yeye," Anneth akaongeza, kwa adabu, kama anamkumbusha mtu mzima aliyesahau.

"Si uonje tu, wifi," Scholastica akasema. "Mtoto ana kiu. Kuonja kuna shida gani?"

Na kweli, ungekuwa hujui, kuna shida gani? Funda moja tu. Bertila akanitazama. Yale macho nayajua kuliko ninavyojua ya mume wangu: umeniona nikitia kitu? Ninge­sema neno moja, yote yangekwisha. Mtoto angekunywa, Scholastica angeridhika. Na kesho asubuhi kwenye uji, je? Na mchana, na jioni, na kila kikombe mpaka mtoto akue? Nilishika ukingo wa meza nikanyamaza. Wallahi nilinyamaza mpaka taya zikaniuma.

Bertila akachuchumaa, akawa sawa na uso wa mtoto. "Bibi kasema kweli," akasema. "Lakini mimi mama yako nina ugonjwa wa kuonja. Nikianza siwezi kuacha. Kwa hiyo sionji, mwanangu. Ukitaka, kunywa. Usipotaka, acha, sitakasirika."

Anneth akawaza. Watoto wa huku hawana haraka. Scholastica alikuwa anatutazama mmoja mmoja, mkono juu ya begi. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, utingo akigonga bodi. Kisha mtoto akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja. Akatulia, anasikiliza tumbo lake, vile vile kama bibi alivyomfunza. Halafu akakisukuma kikombe juu ya meza kwenda kwa mama yake.

"Haya," akasema. "Mimi nimeanza. Sasa kunywa, hakina ubaya."

Bertila alikipokea kama mgeni anavyopokea, kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa. Akanywa. Machozi yalikuwa yanaingia humo humo kwenye togwa, na hakujali nini kinaingia ndani ya kikombe. Sikuwahi kumwona hivyo tangu nimjue.

Scholastica aliondoa mkono kwenye begi. Akanyanyuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akasema kama hataki kukosa gari inabidi aende, na wifi ampigie siku mtoto akianza shule. Begi likabaki chini ya meza.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo. Bertila akanigeukia na kikombe kitupu mkononi, uso umemlowa, na nikaliona swali linapanda kooni mwake, lile lile. Nikajiweka tayari kusema sijui. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mama Mansoor," akasema, "mtoto anataka tena."

"Mpe basi," nikamwambia. "Unaniuliza mimi?"